Kunjo la Tatu

“Hivyo vitabu mnavyoshona huko kwenu, jirani, ni vya kazi gani hasa?”

Msusi aliliuliza swali hilo Jumamosi moja, zamani kidogo, wakati anaanika nguo kwenye kamba waliyokuwa wakiitumia wote wawili. Bi Sindano alikuwa upande wa pili wa shuka, na bila hata kufikiri akajibu, “Vya kuwekwa kabatini.” Msusi akacheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Yakaishia hapo, kama yanavyoishia maneno ya kwenye kamba ya nguo. Upepo ukiyapitia mara mbili, yamekauka.

Lakini swali lenyewe halikukauka. Lilikaa likingoja siku yake.

Bi Sindano hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, katika chumba cha kujalidi vitabu cha wapiga chapa wa serikali, ambako kwa miaka ishirini na miwili alishona migongo ya vitabu kwa mkono. Mashine ya kushonea ilikuwepo, ila ilikuwa mgonjwa wa kudumu, leo inakohoa, kesho imelala. Kazi zikiwa za heshima, zile zinazokwenda kwa wakubwa, zilirudi kwenye sindano. Na kazi ya heshima kuliko zote ilikuwa Katiba ya nchi.

Wanawake wa chumba kile hawakuijua Katiba kwa vifungu. Waliijua kwa makunjo. Karatasi moja kubwa ikishachapwa hukunjwa, ikakunjwa tena na tena, mpaka ikawa kijitabu cha kurasa kumi na sita ambazo hazijakatwa kingo zake. Hilo ndilo kunjo. Katiba nzima ilikuwa makunjo tisa, na yalipangwa mafungu tisa juu ya meza ndefu. Wenyewe wakaizunguka meza hiyo kutwa, wakiokota moja kwenye kila fungu, kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha.

Kunjo la kwanza lilikuwa na utangulizi, ule unaosema sisi wananchi tumeamua nini na kwa sababu gani. La pili lilisema nchi inaishia wapi na nani ni mwananchi. La tatu na la nne zilikuwa haki za watu. La tano ni Bunge, na Bi Gundi, mpaka gundi wa chumba kile, alisema hilo lazima uliwekee kitu kizito juu, la sivyo linainuka na kuanza kuongea. La sita, rais na mawaziri wake. La saba, mahakama. La nane, hazina na majeshi na watumishi. La tisa lilieleza namna ya kuibadilisha Katiba yenyewe, na nyuma yake zikafuata nyongeza zenye maneno ya viapo.

Mgongoni mwa kila kunjo palichapwa alama nyeusi, ndogo kama ukucha wa mtoto. Alama ya kunjo la kwanza ilikuwa juu kabisa, ya la pili chini yake kidogo, ya la tatu chini zaidi. Makunjo yakipangwa sawasawa, alama zinashuka mgongoni kama ngazi. Ngazi ikitimia, kitabu kimetimia. Ngazi ikiruka, pana kunjo limekosekana. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kusoma.

Aliyekuwa akisoma ni mmoja tu, marehemu mumewe Bi Sindano, fundi wa mashine ya kukatia kingo. Huyo alikuwa na tabia ya kufungua kitabu chochote kilichopita mikononi mwake. “Utangulizi huu,” alikuwa akisema, “ni kama sala ya kabla ya kula. Ukiishia hapo umeshukuru, lakini hujashiba.” Wanawake wakacheka, wakaendelea kuzunguka meza.

Alifariki miaka minne iliyopita, siku ya kazi, saa ya chai, ameketi kwenye kiti chake kando ya mashine. Kikombe kilikuwa mkononi na chai haikumwagika. Moyo, walisema. Tangu hapo Bi Sindano alikuwa anaishi. Ndiyo, anaishi: anaamka, anasali, anakwenda kazini, anarudi, anasali, analala. Ila ndani palikuwa kama kidole ulichokizungushia uzi ukausahau. Kipo, ni chako, lakini ukikibonyeza ni kama cha mtu mwingine. Hata sala zake zilipita kama uzi usiopigwa fundo. Unavuta, unavuta, ukifika mwisho wote umetoka na hakuna ulichoshona. Alizisali hivyo hivyo, hakuacha hata moja. Aliona Mungu si wa kusaliwa siku ambazo moyo uko nyumbani tu.

Sasa, Jumatatu moja, kama saa tano asubuhi, mume wa Msusi alichukuliwa na polisi.

Alikuwa fundi baiskeli, mwembamba hata mtaa mzima ukamwita Spoki, na kazi yake aliifanyia kwenye benchi la mbao pembeni ya barabara. Walikuja askari wawili wakasema baiskeli iliyokuwa kichwa chini juu ya benchi lake ni ya wizi. Spoki akafuta mikono. “Mimi natengeneza tu, afande,” alisema. “Daktari hamuulizi mgonjwa huo mguu kamwibia nani.” Watu waliokuwa karibu wakacheka. Askari hawakucheka.

Jumanne Msusi alikwenda kituoni, akaambiwa uchunguzi unaendelea. Jumatano akaenda tena, bado unaendelea. Siku hiyo alipeleka na kichupa cha dawa ya kuvuta, maana Spoki ana pumu, akaambiwa vitu vya nje haviingii ndani. Alhamisi akauliza mumewe atafikishwa mahakamani lini. Sajini wa mapokezi akamwambia, “Mama, mahakama haikimbii. Iko palepale.”

Alhamisi hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, alikuja akaketi kwenye kizingiti cha Bi Sindano. Nywele zake, yeye anayesuka za mtaa mzima, zilikuwa nusu zimesukwa nusu zimeachwa tangu Jumatatu.

“Jirani.”

“Nakusikia.”

“Leo nimemsikia anakohoa. Mimi niko kaunta, yeye yuko huko ndani, nikamsikia. Kile kikohozi nakijua, nimelala nacho miaka kumi na moja. Hakikuwa cha kawaida.”

Bi Sindano aliendelea kukunja nguo. Alizikunja kama anavyokunja karatasi, akipitisha ukucha kwenye mkunjo.

“Niliwahi kukuuliza vile vitabu ni vya kazi gani. Ukanijibu vya kabatini.”

“Nilikuwa nakutania.”

“Basi leo usinitanie. Humo ndani hamna mahali panaposema mtu akikamatwa afanyweje?”

“Pako. Kunjo la tatu.”

“Niletee.”

“Karatasi haitoki pale, shoga. Hata iliyochanika inatiwa kwenye gunia, gunia linapelekwa kusagwa. Anayetoa karatasi hana kazi.”

“Sikukuuliza kama inatoka. Nimekwambia niletee.” Sauti ya Msusi haikupanda. “Alipokufa wako, mwezi mzima nani alikuoshea vyombo? Nani alikulisha kwa kijiko kama mgonjwa? Mimi wangu hajafa bado. Nisaidie angali anakohoa.”

Bi Sindano alisimama na shati mkononi. Alingoja kuona kama moyo utasema neno. Haukusema. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kutoka pale hata na sindano iliyovunjika, na Bi Gundi alizoea kumwita malaika. Aliujua wizi ni dhambi, na aliijua amri hiyo kwa moyo tangu darasa la pili. Akawaza pia juu ya kile kikohozi. Viwili hivyo vikakaa mbele yake kama mafungu mawili mezani, na yeye hakuhisi uzito wa lolote kati yao.

“Kesho,” alisema. “Saa sita, wakati wa chakula. Nisubiri nyuma ya kituo.”

Ijumaa asubuhi alizunguka meza na wenzake. Alipofika fungu la tatu, mkono wake uliokota makunjo mawili badala ya moja. Moja likaenda kwenye rundo lake, jingine likaingia chini ya aproni, na baadaye ndani ya kitambaa cha kufungia chakula. Hakutetemeka. Hilo ndilo lililomshangaza, kama alishangaa. Alikuwa amedhani mtu akiiba kwa mara ya kwanza dunia huinama kidogo.

Saa sita getini, mlinzi alikuwa akipekua mikoba ya wote. Alipofika kwake akasogea pembeni. “Pita, Bi Sindano. Nikianza kukupekua wewe, itabidi nipekue na malaika.” Maneno yale yalipaswa kumchoma. Yalimgusa tu, kama mtu anavyokugusa bega ukiwa umevaa koti zito.

Nyuma ya kituo cha polisi Msusi alimngoja, ameketi kwenye tofali. Kurasa zilikuwa bado zimeungana kingo, hazifunguki. Msusi akatoa wembe kwenye kikoba chake cha kazi, akazichana haraka haraka, kingo zikabaki na meno kama ya msumeno. Bi Sindano akasoma, kidole kikitangulia chini ya maneno. Shule yake iliishia ya msingi, na alisoma kwa utaratibu, hakuruka neno.

“Kila mtu aliyekamatwa au kuzuiliwa atakuwa na haki ya… kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake… kuwasiliana na jamaa zake… kupewa matibabu akiwa mgonjwa…”

“Hapo!” Msusi akampiga paja. “Hapo hapo! Matibabu. Tia alama.”

Bi Sindano akachomoa kipande cha uzi kwenye aproni, akakilaza hapo.

“Kufikishwa mbele ya mahakama…”

“Na mahakama ipo! Na mahakama ipo, jirani! Inuka, twende.” Na Msusi akainyakua karatasi, machozi yanamtoka, akatangulia mbio.

Sajini wa mapokezi alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa karatasi ya gundi mkono mmoja. Aliishika ile karatasi kwa vidole viwili.

“Hii ni nini?”

“Katiba,” Msusi alisema.

“Katiba ina jalada, mama. Hii naona kama ya kufungia mandazi.” Lakini alikuwa mtu wa kusoma, akasoma kwa sauti, kwa tambo, kama anasoma gazeti kinyozini. “Kufikishwa mbele ya mahakama mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya muda usiozidi saa…”

Akageuza. Nyuma hapakuwa na ukurasa. Akageuza tena, akaitikisa, kama labda neno lililobaki litadondoka.

“Saa?” alisema. “Saa ngapi?”

“Koplo, njoo uione Katiba ya saa. Muda usiozidi saa! Mbili? Mia mbili? Nijaze mwenyewe?” Akachukua kalamu akajifanya anaandika. “Haya, saa elfu moja. Mume wako atatoka na mvi.”

Msusi akageuka kumtazama Bi Sindano, na Bi Sindano akaelewa alichofanya. Miaka yote ile alilishona kunjo la tatu kwenye la nne, akadhani linapokoma kunjo na maneno yanakoma. Kwake yeye kunjo lilikuwa kitu kizima, lina alama yake na ngazi yake. Kumbe sentensi haijali uzi. Inaanza upande huu ikamalizikia upande wa pili. Amekuja kituoni kama fundi cherehani aliyeleta mkono mmoja, akasema hili ni shati.

“Na hilo la matibabu?” Msusi alisema. “Hilo si limekamilika?”

“Nitajuaje kama huko mbele halisemi ‘isipokuwa’? Sheria zote zina isipokuwa yake.” Sajini aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekaa kaunta muda mrefu. “Sikilizeni, akina mama. Nikimpelekea mkubwa kikaratasi hiki, atanicheka mimi, si nyinyi. Leteni kitabu kizima, chenye jalada na nembo, nikakiweke mezani kwake akione. Lakini mahakama inafunga saa tisa. Leo ikipita, ni Jumatatu.”

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, na baada yake pumzi ikavutwa kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba. Msusi akaweka kiganja ukutani.

“Ngoja hapa,” Bi Sindano alimwambia. Akaichukua karatasi yake.

Aliporudi kazini alikuta chumba kimya. Wanawake wote wamesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama wanafunzi. Mbele yao alisimama msimamizi, mtu mrefu asiyeachana na rula yake ya chuma, hata nyuma ya mgongo wake wakamwita Rula. Alikuwa amezoea kuigonga kwenye paja akiwa na hasira. Siku hiyo ilikuwa inagonga.

Mezani palikuwa na rundo moja la makunjo manane. Ngazi yake ilishuka vipandio viwili, ikaruka, ikaendelea.

“Kunjo la tatu limekwisha kabla ya mengine,” Rula alisema. “Karatasi za kazi hii zimechapwa kwa idadi kamili, wala hamna ya ziada. Asubuhi hii aliyelipanga fungu la tatu mezani ni nani?”

“Ni mimi,” Bi Gundi alisema. Yule mcheshi wao, midomo ilikuwa imemkauka. “Lakini bosi, mimi kunjo nilipeleke wapi? Nikalipikie?”

“Utalijibu hilo kwenye barua.”

“Limo humu,” Bi Sindano alisema.

Alifungua kitambaa cha chakula, akaliweka mezani, na meno yake ya wembe. Chumba kizima kikalitazama, kisha kikamtazama yeye. Nisiongope, wengi walidhani wameona vibaya.

“Nililichukua mimi. Asubuhi. Bi Gundi hajui lolote.”

Rula iliacha kugonga. Mwenye rula alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, wakinywa chai pamoja miaka mingi, na mpaka leo hakuwahi kumwita Bi Sindano jina jingine ila shemeji. Alimvuta kando, karibu na dirisha.

“Shemeji, umepatwa na nini?”

“Mume wa jirani yangu yuko ndani tangu Jumatatu. Ana pumu. Nilitaka kujua Katiba inasemaje.”

“Si ungeniuliza?”

“Wewe unajua inasemaje?”

Rula alitazama nje. “Sikiliza,” alisema kwa sauti ya chini. “Mimi sijaona kitu. Hili kunjo liliangukia kwenye kitambaa chako kwa bahati mbaya, ukaligundua, ukalirudisha. Kaa hapo ulishone, kitabu kitimie, yaishe. Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Usiharibu chungu kwa kijiko cha mwisho.”

“Halikuangukia.”

“Shemeji, mimi ndiye ninayesema liliangukia. Wewe shona tu.”

Bi Sindano akaketi, akashona. Alitia uzi nta, akapitisha sindano kwenye matundu. La kwanza, la pili. La tatu alilifungua katikati, akalilaza, akalifunga kwa la pili. Alipolifikia la nne alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na miwili. Alifunua kona ya ukurasa wake wa kwanza, akasoma juu kabisa, pale sentensi ilipomalizikia. *Arobaini na nane tangu alipokamatwa.* Akahesabu. Jumatatu saa tano. Jumanne. Jumatano saa tano. Leo Ijumaa. Akaifunga kona, akaendelea. La tano, la sita. Mahali fulani kwenye la saba sindano ilimwingia kidoleni, naye hakujua mpaka alipoona doa jekundu kwenye karatasi. La nane. La tisa. Akapiga fundo.

Bi Gundi alikuja bila kuitwa, akapaka gundi mgongoni kwa brashi yake, na wakati anapaka akamnong’oneza, “Nikikuita malaika tena, unizabe kofi.” Kisha mashine ya kukatia. Fundi aliyeishika alikuwa ameishika miaka minne, na bado wakimwita fundi mpya. Kile kiti kilikuwa palepale kando. Kisu kikashuka, meno yote ya wembe yakakatwa yakaanguka sandukuni, na kitabu kikawa na kingo nyeupe zilizonyooka kama vingine. Bi Sindano akakivalisha jalada lenye nembo ya dhahabu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

“Umeona?” Rula alisema, akashusha pumzi. “Kimetimia. Kiweke na wenzake.”

Bi Sindano alivua aproni, akaikunja. Juu yake akaweka sindano yake, ile aliyokuja nayo siku ya kwanza, iliyochakaa katikati kwa kushikwa. Akakichukua kitabu.

“Shemeji. Unakwenda wapi na hicho?”

“Kituoni. Safari hii naaga.”

“Hicho ni mali ya serikali!”

“Nakipeleka kwa serikali.”

Mtu mmoja akacheka pale mezani, akajiziba mdomo. Rula hakucheka. Alikuwa mweupe midomoni. “Ukivuka mlango huo nacho,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kuliko ya kutisha, “sina la kuandika ila lile la wizi. Unanielewa? Sina jingine. Usirudi.”

“Andika lililo kweli,” alisema.

Alisubiri tena ahisi kitu, alipofika mlangoni. Alihisi uzito wa kitabu tu, na baridi ya gundi iliyokuwa bado haijakauka. Getini alikishika kifuani, hadharani, jalada likitazama mbele. Mlinzi alifungua kinywa, akaiona nembo, akaona na uso wake, akafungua geti.

Sajini alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini alipokiona kitabu. Alikifunua kwa uangalifu, maana kurasa zilikuwa mpya na mgongo ulitoa mlio. Msusi alikuwa ameketi kwenye benchi, kile kichupa cha dawa mkononi, amekibana mpaka vidole vimebadilika rangi.

“Ukurasa gani?” Sajini aliuliza.

Bi Sindano hakujua namba ya ukurasa. Alikichukua, akaanzia utangulizi, akafunua akihesabu makunjo mpaka alipouona uzi katikati ya kunjo la tatu, akasonga mbele kurasa nane, akafungua.

Safari hii Sajini alisoma kimya. Midomo yake ilifika kwenye “saa”, akafunua ukurasa, ikaendelea. Akavuta kitabu kikubwa cha matukio, akatafuta Jumatatu. Saa tano na robo. Akahesabu kwa vidole chini ya kaunta, akidhani hawamwoni. Akahesabu mara ya pili. Kisha akakibeba kitabu kwa mikono miwili, akaingia nacho ofisi ya ndani, akafunga mlango.

Walisikia sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Halafu ya juu ikashuka.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini Sajini alipotoka, akakirudisha kitabu kaunta. “Koplo,” alisema bila kumtazama yeyote, “mtoe yule wa baiskeli. Gari liwashwe. Anapelekwa mahakamani sasa hivi.”

Spoki alitoka na viatu mkononi, bila mkanda, anashika ukuta. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Msusi alimtia kichupa mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto. Akavuta mara moja. Akavuta tena. Mabega yakashuka kidogo. Alipoweza kuongea, alimwona Bi Sindano.

“Na wewe shemeji umekuja? Si siku ya kazi leo?”

“Ingia kwenye gari,” Bi Sindano alimwambia. “Mahakama inafunga.”

Walimtoa, Msusi nyuma yake ameshika shati lake kwa mgongoni. Gari likaondoka. Kaunta ikabaki na watu wawili, na kitabu katikati.

Sajini alikuwa anakifunga na kukifungua. Labda hakuwahi kukiona kipya namna ile. “Hapa pana damu,” alisema, akionyesha katikati ya kurasa, penye uzi, kwenye sehemu ya mahakama. “Mama, umejikata. Hukusikia?”

Bi Sindano alikiangalia kidole chake. Damu ilikuwa imekauka, imekuwa nyeusi, na ile ncha ya kidole ilikuwa imevimba. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akakaa kidogo kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani.

“Ile mara ya kwanza nilikuuliza mambo nikicheka,” Sajini alisema. “Usiniwekee moyoni. Sisi hapa tangu nianze kazi, hicho kitabu hatuna. Tunasikia tu kipo.”

Bi Sindano alitengeneza mtandio wake kichwani. Kazini hakukuwa na pa kurudi, na saa za sala zilikuwa bado. Akageuka, akafungua mlango.

“Mama! Kitabu chako hiki, umesahau!”

Alimsikia vizuri. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.